Mazoezi tiba kwa simu baada ya kiharusi: maswali ya wanaouguza nyumbani

Ukurasa huu ni wa ndugu waliomrudisha mgonjwa nyumbani jana au juzi. Wana karatasi ya ruhusa, mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki iliyo mbali, na mgonjwa yuko chumbani anawatazama. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi ambayo wagonjwa wengi huiita "mazoezi" basi, na maswali haya nimeyaokota kwenye jumbe za sauti ninazotumiwa, nyingi saa 5 usiku nyumba ikishatulia. Sehemu kubwa inahusu kiharusi kwa sababu ndicho ninachoshughulika nacho kila siku. Waliovunjika nyonga na waliougua mapafu wamo pia, kule chini.

Hiyo huduma ya kwa simu ni kitu gani hasa?

Hospitalini mtasikia neno "utengemao", yaani kazi yote ya kumrudishia mtu uwezo wa kukaa, kusimama, kutembea, kula, kusema na kujihudumia baada ya ugonjwa au ajali. Ikifanyika mgonjwa akiwa nyumbani na mtaalamu akiwa kwingine, inaingia kwenye tiba mtandao. Kwa vitendo iko hivi: tunakubaliana saa, mnapiga simu ya video, mnanieleza presha ya asubuhi na alivyolala, naomba akae ukingoni mwa kitanda, namwangalia anavyojiinua, namrekebisha aliyemshika, tunachagua mazoezi mawili au matatu ya wiki hiyo, tunaagana. Dakika 30 hadi 45. Siku zinazobaki mnafanya wenyewe na kunitumia hesabu ya mara mlizorudia kila zoezi.

Hiyo hesabu nitaidai hadi mnichoke. Simu haimponyi mtu. Nafuu inaletwa na kurudia: ubongo ulioumia hujifunza njia nyingine ya kuuamuru mkono pale tu mkono unapojaribu kazi ileile mara nyingi mno. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani na Kanada walichapisha walichokihesabu kwenye vyumba vya mazoezi vya wagonjwa wa kiharusi. Kwa kipindi kimoja, mkono ulioathirika ulikuwa ukirudia vitendo vya maana mara 32 kwa wastani. Mara 32, tena nchi zenye kila kifaa! Mama aliyekaa uani kwake akihamisha punje 100 za mahindi kutoka bakuli hili kwenda lile, mojamoja kwa mkono mgonjwa, asubuhi na jioni, amewaacha mbali.

Inafaa kweli, au mnatubembeleza tu kwa kuwa wataalamu hawatoshi?

Yote mawili. Shirika la Afya Duniani linasema katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengemao hawafiki 10 kwa kila watu milioni 1. Ukiwa Dar es Salaam una hospitali za Muhimbili na CCBRT, ukiwa Moshi una ya KCMC. Ukiwa kijijini Tunduru au Kibondo, kliniki ya mazoezi ni safari, na kumpakia mtu aliyepooza upande kwenye bodaboda, kabanwa kati ya dereva na mjomba, ni kutafuta ugonjwa wa pili.

Sasa ushahidi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 124 wa kiharusi kutoka vituo 11 vya Marekani. Wote walipangiwa vipindi 36 vya mazoezi ya mkono, kila kimoja dakika 70, kundi moja kliniki na jingine nyumbani kwa mtandao. Kwenye kipimo cha mwendo wa mkono chenye alama 66, wa kliniki walipanda alama 8.36 na wa nyumbani 7.86. Ni kama sare. Ila msome vizuri: wale wa nyumbani walipelekewa kompyuta, vifaa na intaneti, na katika nusu ya vipindi mtaalamu alikuwa nao kwenye skrini. Hakuna aliyetumiwa video moja ya mazoezi akaambiwa "pambana".

Utafiti ninaoupenda zaidi ni ule unaouma. India, hospitali 14, wagonjwa 1,250, matokeo yakatoka 2017. Ndugu walifundishwa kuanzia wodini namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi, wakaendeleza nyumbani. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kwa familia zilizopewa mafunzo hayo, na asilimia 47 kwa zisizopewa. Hakuna tofauti hata kidogo. Wapo wanaousoma kama ushahidi kwamba familia haisaidii. Mimi nauelewa hivi: kumfundisha binti wa watu kisha kumtupia mzigo mzima hakutoshi, kwa kuwa mazoezi yatakuwa machache na akikosea hakuna wa kumwambia. Ndiyo maana nadai hesabu, na nisipozipata napiga.

Baba ameruhusiwa jana. Tuanze lini?

Mara nyingi ameshaanza wodini, ninyi mnaendeleza. Siku ya kwanza apumzishe uchovu wa safari, lakini asilale kutwa. Akae kitini wakati wa mlo. Kama hawezi kujigeuza, ageuzwe kila baada ya saa 2 usiku na mchana, maana kidonda cha kulalia huanza kimyakimya na kinaweza kula miezi.

Pupa nayo ina hasara yake. Utafiti mkubwa wa 2015, wagonjwa 2,104, ulionyesha kuwa walioinuliwa kitandani ndani ya saa 24 za kwanza na kufanyishwa mazoezi kwa wingi hawakufanya vizuri kama waliopata huduma ya kawaida ya wodi. Hayo ni ya siku ya kwanza ya ugonjwa. Mgonjwa akishatulia mambo yanageuka: miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye mavuno, na ndiyo hiyohiyo tunayoipoteza tukisubiri tarehe ya kliniki.

Kabla ya simu ya kwanza nitumieni picha ya karatasi ya ruhusa, kurasa zote, na picha ya dawa zote zikiwa zimepangwa mezani. Hata za mitishamba. Sitagomba.

Tununue vifaa gani?

Vichache kuliko mnavyodhani. Kipimo cha presha cha kufunga juu ya kiwiko, siyo kile cha kifundo cha mkono. Kiti imara kisichoteleza. Kama mna vile vya plastiki vya kwenye shughuli, chagueni kisicho na ufa, kiegemezeni ukutani. Kanga mbili nzito au mkanda mpana. Mito. Vitu vya kazi ya mkono vimo ndani tayari: vibanio vya nguo, vifuniko vya chupa, mchele wa kuchambua, kitambaa cha kukunja. Baiskeli ya mazoezi iliyoonekana mtandaoni isubiri, na ile mipira ya kuminya pia. Kiganja kilichokakamaa hakihitaji kufunzwa kubana; kinabana chenyewe. Kinachokosekana ni kufungua.

Na simu ipate mahali pa kuegemea: kopo la maziwa, mfuko wa unga, chochote. Hili nina sababu yake. Miaka ya mwanzo nilimruhusu mlezi ashike simu mkono mmoja na mgonjwa mkono mwingine. Goti la mzee likalegea, na yule kijana, kwa mazoea tu, akaokoa simu. Nikaona sakafu, kisha dari, kisha nikasikia kishindo. Mzee hakuumia, alhamdulillahi, lakini kosa lilikuwa langu. Siku hizi simu ikiwa mkononi mwa mtu, mgonjwa hasimami.

Hatuna simu janja, na mtandao huku ni wa kubahatisha.

Kiswaswadu kinatosha kwa kazi nyingi. Tunaweka spika, ninakuongoza kwa sauti, wewe unanieleza unachoona: "kisigino kimegusa chini", "goti linarudi nyuma". Hesabu za kila siku unatuma kwa meseji, mfano "kuinuka 40, punje 120, presha 138/84". Kisha mara moja kwa wiki mnaazima simu ya jirani au ya mhudumu wa afya wa kijiji kwa ajili ya video.

Mtandao ukiwa unakatakata, msihangaike na simu ya video. Rekodi kipande cha sekunde 20 mgonjwa akiinuka kitini, kingine akitembea hatua sita kutoka ubavuni, tuma bando likipatikana, hata usiku wa manane. Naviangalia kwa utulivu, narudisha nyuma, na kusema kweli mara nyingine naona zaidi kuliko kwenye simu ya moja kwa moja inayoganda kila uso unapoanza kutabasamu.

Nani amshike mgonjwa?

Mwenye muda, si mwenye misuli. Familia nyingi humteua mtoto wa kiume aliye kazini hadi saa 2 usiku, na kazi yenyewe inafanywa na dada wa kazi ambaye hakuna aliyemfundisha wala kumwongezea mshahara. Kama ni yeye, basi ni yeye; mleteni kwenye simu, mumtaje jina, mumlipe kwa kazi hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulizunguka mpaka niulize. Kuna nyumba ambazo mke wa mwana hawezi kumshika baba mkwe kwapani, wala mkwe wa kiume hawezi kumvusha mama mkwe kwenda msalani. Ni heshima, na mazoezi hayataishinda. Hapo ndipo kanga au mkanda unapofanya kazi mara mbili. Unafungwa kiunoni kwa mgonjwa juu ya nguo, mlezi anashika mkanda, na miili haigusani. Bahati nzuri ndiyo njia salama zaidi kwa kila mtu, kwa sababu inayofuata.

Mkono wake umelegea. Tukimwinua tuushike vipi?

Msiushike. Hili ndilo ninalolirudia kuliko yote. Baada ya kiharusi misuli iliyokuwa inalibana bega huweza kulegea, na kiungo kinabaki kinaning'inia kwa kano. Mkimwinua kwa kumvuta mkono au kumkwida kwapani, bega linateguka kidogokidogo, linaanza kuuma, na likishauma mgonjwa hataki hata nguo ivalishwe upande ule. Nimekutana na wazee ambao mguu umerudi, usemi umerudi, na bega ndilo linalowanyima usingizi, kwa ajili ya upendo wa wajukuu waliokuwa wakimvuta "babu, simama!"

Akikaa, mkono ulalie mto mapajani au mezani, usining'inie kando. Akilalia upande mzima, mkono mgonjwa mbele yake juu ya mto. Akivaa shati, mkono mgonjwa unaingia kwanza. Akivua, unatoka mwisho. Kumwinua ni hivi: visigino virudi nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu, ndipo ajisukume. Watu wengi wanamvuta juu akiwa bado ameegemea nyuma. Hapo unabeba gunia, na mgongo wako ndio utakaokuja kliniki mwezi ujao.

Kuinuka kitini na kukaa, taratibu, ndilo zoezi ninalompa karibu kila mgonjwa anayeweza kukaa. Aanze na mara tano, apumzike, tano tena. Kama kiti kinamshinda, wekeni mto mgumu kiwe juu, muupunguze wiki hadi wiki.

Bibi anasema achuliwe kwa mafuta ya nazi na kukandwa maji ya moto. Mna tatizo nalo?

Kuchua taratibu sina tatizo nako. Kunapunguza maumivu, kunamtuliza mgonjwa, na mgonjwa aliyeguswa kwa mapenzi hufanya mazoezi vizuri zaidi. Lakini kuchuliwa amelala hakumfundishi mkono kitu. Anayefanya kazi hapo ni mchuaji. Kwa hiyo mchueni, kisha afanye zoezi.

Maji ya moto nayakataa. Upande uliopooza mara nyingi umepoteza hisia, na mgonjwa anaungua huku anasema "endelea, sisikii kitu". Vuguvugu, na mlezi ajipime kwanza kwa kiwiko chake. Msiuchue kabisa mguu mmoja uliovimba na kupata joto. Hiyo huweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Anapaliwa na chai lakini ugali anakula. Kwa nini?

Kwa sababu kitu chepesi kinakimbia kuliko koo lake linavyoweza kufunga. Chai na maji ndivyo vigumu. Uji mzito mara nyingi unapita vizuri. Akae wima kabisa, kidevu kishuke kidogo, vijiko vidogo, redio izimwe, asichekeshwe. Abaki amekaa dakika 30 baada ya kula. Sauti ikiwa kama yenye maji baada ya kumeza, au akipata homa na kikohozi, chakula kinaingia mapafuni: hilo halisubiri simu yangu. Wala msimnyime maji kwa kuogopa kupaliwa. Ombeni apimwe kumeza.

Lini tusifanye mazoezi?

Presha ikisoma 180 au zaidi kwa namba ya juu, au 110 au zaidi kwa namba ya chini, apumzike robo saa, mpime tena. Ikibaki hapo, mazoezi hakuna na daktari ajulishwe. Vilevile akiwa na homa, kifua kikimbana, akisikia kizunguzungu kisicho cha kawaida yake. Mwenye kisukari apimwe kwanza, na asifanye akiwa na njaa.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukianguka, maneno yakivurugika, kichwa kikipasuka kwa maumivu, au pumzi ikikatika ghafla: hospitali, muda huo, bila kunipigia mimi kwanza. Watu hunitumia video ya mdomo uliopinda wakiuliza "hii ni kawaida?" Wakati naifungua, nusu saa imeshapita.

Na dawa za presha haziachwi kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa kuwa anazimeza.

Anakataa. Akianza zoezi analia.

Kulia kwaweza kuwa mambo mawili tofauti. Kuna kilio kinachotoka bila huzuni, kinaanza na kukatika ghafla, wakati mwingine kinageuka kicheko. Hicho ni jeraha la ubongo lenyewe, na mgonjwa hukionea aibu. Badilisheni mada, kitapita. Kuna na sonona ya kweli: hali, halali, hataki wageni, anasema ni bora angekufa. Hiyo ni ugonjwa unaotibika, siyo ukaidi wala kukosa imani, na daktari aambiwe.

Wanaobaki hukataa kwa sababu zoezi halina maana kwao. Mzee aliyekuwa fundi cherehani hataki kuhamisha punje, anaona amefanywa mtoto. Mpe kitambaa, chaki na mkasi. Mvuvi mpe nyuzi. Mama aliyekuwa anauza maandazi atakanda unga mkono mmoja ukisaidia mwingine, na hapo utapata marudio 200 bila ugomvi. Swali langu la kwanza kwa kila familia siku hizi siyo "anaumwa wapi". Nauliza alikuwa anafanya nini saa 4 asubuhi kabla hajaugua.

Hasemi. Anaelewa?

Mara nyingi anaelewa zaidi ya mnavyofikiri, kwa hiyo msimjadili mbele yake. Ulizeni maswali ya ndiyo na hapana, subirini sekunde 10 kabla ya kurudia, onyesheni kitu chenyewe. Sala, nyimbo za kanisani, kasida, kuhesabu moja hadi kumi: hivi huweza kutoka hata kwa mtu asiyeweza kusema "naomba maji". Tumieni hivyo kama mlango. Wataalamu wa usemi ni wachache sana kwetu, na hapa simu inasaidia kuliko kwenye mguu, maana kuzungumza kwa skrini ni kuzungumza vilevile.

Imepita miezi 8. Tumechelewa?

Mavuno makubwa yamepita, shamba halijafa. Mwaka 2006 utafiti wa Marekani wa watu 222, waliougua kati ya miezi 3 na 9 nyuma, ulifunga mkono usioathirika ndani ya glavu nene kwa sehemu kubwa ya siku kwa wiki 2, ili mkono mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Uliboreka, na faida ikaonekana hata mwaka baadaye. Wote walikuwa tayari wanaweza kunyoosha kifundo na vidole angalau kidogo. Kwa mkono usiosogea kabisa njia hiyo ni mateso tu. Na msimfunge mkono anayetegemea fimbo kwa mkono huohuo. Nitumieni video, tuone kama anafaa.

Mama hana kiharusi, amefanyiwa upasuaji wa nyonga.

Hapa simu inafanya kazi nzuri, kwa sababu kinachotakiwa kinaeleweka: kukanyaga kwa kiwango alichosema daktari wa upasuaji, kuimarisha paja, kutembea na kitembezi, kisha magongo, kisha fimbo. Aliyewekewa nyonga bandia aulize masharti yake kabla ya kutoka wodini. Mara nyingi hukatazwa kukunja nyonga kupita pembe mraba, kukunja nne, na kuupindisha mguu kwa ndani.

Tafsiri masharti hayo kwa nyumba zetu na utaona tatizo liko wapi. Mkeka, kigoda cha jikoni, kibao cha mbuzi, choo cha kuchuchumaa: vyote vimekatazwa kwa pigo moja. Choo ndicho kinachoshinda wengi. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kutoboa kiti cha plastiki kigumu au kuunda cha mbao chenye tundu, kisimame juu ya shimo. Hakikisheni miguu yake haitelezi kwenye maji. Swala aswali amekaa kitini mpaka atakaporuhusiwa.

Na aliyetoka na nimonia kali, kwa oksijeni?

Kutembea kwa vipande: dakika mbili, kupumzika, mbili tena. Aweze kusema sentensi nzima huku anatembea. Akikatika katikati ya neno apunguze. Kama mna kile kipimo cha kubana kidoleni, oksijeni ikishuka chini ya 90 asimame, isipokuwa kama daktari amempa kiwango chake. Ikikawia kupanda, au midomo ikibadilika rangi, arudi hospitali.

Ramadhani tufanyeje?

Kufunga au kutofunga ni la daktari na sheikh wake, na mgonjwa ana ruhusa yake. Anayefunga kwa kuruhusiwa tunamhamishia mazoezi yawe dakika 90 baada ya futari. Saa za dawa mpangiwe na daktari, msizipange wenyewe.

Mimi niko Muscat, mama yuko Tanga. Ninaweza kuingia kwenye simu?

Karibu sana, saa 4 asubuhi kwako ni saa 3 kwake. Nina ombi moja tu kwa watoto walio nje. Mnatuma pesa, na kwa hiyo mnataka matokeo, na mnayataka kutoka kwa mdogo wenu aliyeamka mara tatu usiku kumgeuza mama. Ukiingia kwenye simu, msalimie mama, mhesabie marudio kwa sauti, mchekeshe. Usimsahihishe anayemshika. Hiyo ni kazi yangu, na mimi naifanya kwa upole kuliko wewe.

Video zetu zinakwenda wapi?

Taarifa za afya Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtaalamu yeyote anapaswa kuwaambia anahifadhi nini na kwa muda gani. Mulizeni. Ila uvujaji ninaoushuhudia hautoki kliniki. Unatoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mzee wa watu na singlendi yake, akijitahidi kuinua mguu, chini yake emoji za mikono ya dua arobaini. Mwombeni ruhusa yeye mwenyewe kabla ya kurusha, hata kama hasemi. Kichwa chake kitajibu.

Bima inalipa? Na tutajuaje kama mtaalamu ni wa kweli?

Inategemea kifurushi, na kipindi cha simu si lazima kihesabiwe sawa na cha kliniki, kwa hiyo pateni jibu la maandishi kabla ya kuanza. Kuhusu uhalisi: omba namba ya usajili wa kitaaluma na kituo anachofanyia kazi, kisha piga simu kituoni, siyo namba aliyokupa yeye. Mtu anayekuhakikishia mgonjwa atatembea baada ya wiki mbili, anayeuza dawa ya kuzibua mishipa humohumo, au anayeanza na "tuma kwenye namba hii" kabla hajauliza presha, mwacheni apite.

Kuna wakati simu haitoshi?

Upo. Mkono ukikakamaa hadi kucha zinachoma kiganja, mguu ukihitaji kifaa cha kuzuia kuburuta, kiti mwendo kikitakiwa kupimwa, bega likiuma usiku kucha, anguko lolote lililomwachia maumivu: hapo anahitaji mikono ya mtu. Nitawaambia wenyewe, na nitaandika barua ya kwenda nayo msianze hadithi upya mapokezi.

Kipindi cha kwanza ni kesho asubuhi. Tuandae nini?

Avae kaptula au kanga inayoachia magoti yaonekane, na viatu vilivyoshika kisigino, siyo ndala. Ameshameza dawa, ameshakwenda msalani. Zulia dogo la mlangoni litolewe. Dirisha liwe mbele yake, lisiwe nyuma, nisimwone kama kivuli. Presha imeandikwa kwenye karatasi. Simu imechajiwa usiku, umeme si wa kuaminika. Watoto wanaruhusiwa kukaa na kuhesabu. Kuku wabaki nje.